Aliyeshukia Kamatanda

Malori ya shaba huingia Tunduma usiku na mchana, yakitoka Katanga kwenda bandari ya Dar es Salaam. Ukiyatazama utadhani yanarudi matupu, kwa sababu shaba ni nzito na mzigo mdogo tu unatosha kulilemea gari: vipande bapa vilivyofungwa kwa mikanda ya chuma, vimelala chini kabisa kwenye tela, turubai juu. Dereva mmoja wa njia hiyo, kijana wa kwetu Tabora, ndiye aliyetegua kitendawili kilichokuwa nyumbani kwetu tangu baba yangu hajazaliwa. Tulikuwa msibani, wazee wakiwataja waliotangulia. Lilipofikiwa jina la kaka mkubwa wa babu yangu, shangazi akaongeza maneno anayoyaongeza siku zote: "Huyu alipotelea kwa Kamatanda."

Yule kijana akageuka. "Shangazi, shikamoo. Kamatanda si mtu. Ni mahali. Mimi napakia mzigo Likasi, na Kamatanda ni pale pale, nje kidogo ya mji. Kuna stesheni ya reli na mashimo ya wachimbaji."

Kimya kilitanda. Ukoo mzima ulikuwa ukiamini kwamba Kamatanda ni jina la bwana fulani, Mzungu mwenye mali au mtemi wa huko Kongo, aliyemchukua mtu wetu akakataa kumrudisha. Walikuwapo waliomlaani kwa jina lake.

Kilichojulikana juu ya babu mkubwa kilikuwa kidogo. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji, Force Publique, chini ya Jenerali Charles Tombeur, liliingia Tabora baada ya Wajerumani kuuacha mji. Jeshi lile, kama majeshi yote ya vita ile, lilitembea juu ya migongo ya wapagazi. Babu mkubwa alikuwa kijana asiye na mke, mwenye mabega. Alichukuliwa. Ikapita miaka, ndipo ikaja barua moja ya Kiswahili, mwandiko wa karani wa kulipwa. Barua yenyewe ililiwa na mchwa, lakini bibi yangu alisikia ikisomwa mara nyingi hata akaijua kwa moyo, na shangazi akaipokea kwa bibi. Ilisema yuko hai, anafanya kazi ya reli, yuko Kamatanda, anatafuta mali ya kuolea. Ikamsalimu mama yake kwa jina. Baada ya hapo hakuna kilichosikika tena.

Jina lake sitaliandika hapa, wala la mama yake. Ukoo wa upande wa pili, niliokuja kukutana nao, haujazoea habari zake za ndani kusomwa na watu wa nje, na nimewaahidi.

Katanga imekuwa ikichukua watu wetu tangu zamani, na haikuanza na reli. Wafanyabiashara wa Kisumbwa na Kinyamwezi walikuwa wakienda huko kufuata shaba, ile iliyoyeyushwa na kumiminwa kwa umbo la msalaba, kabla Mzungu hajaitia machoni. Mmoja wao aliitwa Kalasa. Mwanawe Ngelengwa, ambaye vitabu vinamwita Msiri, alibaki huko, akajenga mji wake Bunkeya na kutawala nchi ya Garenganze, iliyotajirika kwa shaba, pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Waliomfuata kutoka kwetu ndio waliozaa Wayeke wa leo. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na Omer Bodson, ofisa wa msafara wa William Stairs uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili. Bodson naye akapigwa na watu wa Msiri, akafa.

Msafara huo nautaja kwa sababu uliondoka Bagamoyo Julai 1891 ukiwa na watu zaidi ya 300, walio wengi wapagazi na askari waliokodiwa Zanzibar na pwani. Baada ya Msiri kuuawa, njaa na maradhi viliwashukia pale Bunkeya, wakafa kwa wingi. Waliorudi Zanzibar mwaka uliofuata hawakufika 200. Joseph Moloney, daktari wa msafara, alirudi Uingereza akaandika kitabu chake, kikatoka mwaka 1893. Wake na mama wa wale waliobaki Bunkeya hawakuandikiwa kitu. Nimekuwa nikijiuliza ni nyumba ngapi za Bagamoyo na Zanzibar ambazo mpaka leo lipo jina linalotajwa bila kaburi, na wenyewe hawajui kwamba Bunkeya ni mahali.

Njia aliyopita babu mkubwa naweza kuifuata kwa kidole juu ya ramani. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walimaliza mwaka 1915 reli ya kutoka Albertville, ambayo leo ni Kalemie, hadi Kabalo kwenye mto Lualaba. Kutoka Kabalo mtu alipanda meli ya mtoni hadi Bukama, na mwaka 1918 reli iliyokuwa ikitoka kusini, kutoka Rhodesia kupitia Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na Kambove, ikafika Bukama. Kigoma na Ujiji zilibaki mikononi mwa Wabelgiji hadi 1921. Kwa hiyo kijana aliyemaliza upagazi bila mshahara wa maana mfukoni alikuwa na njia iliyonyooka ya kwenda Katanga, na mwajiri akimngoja mwisho wake. Nyumbani kulikuwa na njaa ya baada ya vita na kodi. Mimi simlaumu.

Safari yangu haikupita ziwani. Nilikwenda kwa basi: Tunduma, halafu Zambia yote kutoka mpaka hadi mpaka, Kapiri Mposhi, miji ya Copperbelt, hadi Kasumbalesa. Kwenye foleni ya Kasumbalesa, inayokwenda kilomita kadhaa, nusu ya madereva ni Watanzania, na mama ntilie anauza chakula kwa Kiswahili kana kwamba uko Mbeya. Ukishavuka, Kiswahili kinabaki lakini kinabadilika sura. Nikimwamkia mtu mzima "shikamoo," anaitikia "jambo, papa," na anakuwa amenipa heshima yangu yote.

Lubumbashi nilitafuta karatasi. Nilidhani mahali palipoajiri watu wengi kiasi hicho hapakosi daftari. Kazi ya kusaka watu ilikuwa na chombo chake, Bourse du Travail du Katanga, kilichoanzishwa mwaka 1910. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilichukua wachimbaji kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Angola, Kasai, Maniema, na baadaye Rwanda na Burundi. Watu walikufa mno katika kambi za mwanzo, kwa kichomi, kwa kuhara damu, na mwaka 1918 kwa homa kuu ya mafua. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili siasa yake: mikataba ya miaka mitatu, na mfanyakazi aje na mke. Yote hayo yaliandikwa. Sehemu kubwa ya nyaraka za kampuni ile leo iko Brussels, katika hifadhi ya taifa ya Ubelgiji. Na nyaraka hizo, kwa jinsi watafiti walivyozieleza, zinajua idadi ya mikono vizuri kuliko zinavyojua wenye mikono.

Kwa bahati njema, wapo wenyeji waliolitambua pengo hilo mapema. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanahistoria waliokaa na wastaafu wa migodi na kurekodi maisha yao. Mradi wao wa kumbukumbu za Lubumbashi ulianza mwaka 2000, na Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu ameandika juu ya watoto wa migodi walioachwa na kampuni iliyokuwa baba yao. Kabla yao, mwaka 1965, André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu, aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Élisabethville kwa niaba ya chama cha watumishi wenzake. Ningependa kila shule ya Afrika Mashariki iijue kazi hiyo: historia ya mji mkubwa, iliyoandikwa kwa lugha yetu na mtu aliyepiga pasi nguo za mabwana.

Lakini babu mkubwa hakuwa wa mgodini. Alikuwa wa reli, na katika ofisi moja nilikoulizia mafaili ya zamani ya reli niliambiwa kwa upole kwamba hayapo, na kama yapo hayajapangwa. Karani akanipa ushauri ulionifaa kuliko faili: "Papa, enda tu kule fasi yenyewe. Uliza bantu."

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita kama 120, barabara ya lami, malori mfululizo. Mji uko kati ya vilima. Wabelgiji waliuita Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mhandisi aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa makampuni ya Katanga, na mwaka 1966 jina la Likasi likarudishwa. Huko Ulaya wanaujua zaidi kwa sababu ya Septemba 1961, pale kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa kilipozingirwa na jeshi la Katanga iliyojitenga, kikapigana kwa siku kadhaa kabla ya kusalimu amri. Askari wale wanajulikana mmoja mmoja, na filamu imetengenezwa. Nawaheshimu. Lakini mji huu ulijengwa na watu wa vitongoji vyake, Panda, Shituru na Kikula, na wao pia walipigania haki yao: Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma hapa wakidai mshahara, mgomo ukasambaa hadi Élisabethville, na tarehe 9 mwezi huo askari wakawafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika uwanja wa mpira. Aliyeuawa pale na anayejulikana ni karani Léonard Mpoyi. Waliobaki, wengi wao ni namba.

Asubuhi nilichukua pikipiki kutoka soko la Kikula kwenda Kamatanda, upande wa kaskazini. Vumbi la huko ni jekundu, na pikipiki inapokatisha reli unashuka, maana mawe ya tuta yanateleza. Reli ipo. Nyasi zimeota kati ya mataruma, na watu wameigeuza njia ya miguu, wanawake na ndoo kichwani, wachimbaji na viroba mabegani. Treni ya Shirika la Taifa la Reli, SNCC, hupita inapopita. Hakuna anayeingoja kwa saa.

Ukishavuka reli unaingia kwenye ardhi iliyofukuliwa. Mashimo mengine ni membamba kiasi cha kumtosha mtu mmoja tu, na kamba imefungwa kwenye gogo lililolala juu ya mdomo wake. Kijana mmoja alitoka shimoni akiwa na jiwe la rangi ya udongo ambalo mimi ningelipita. Akalimwagia maji kidogo kutoka kwenye chupa, akalisugua kwa kidole gumba, na kijani kikajitokeza, kijani kibichi chenye mistari kama mbao iliyorandwa. "Malakiti," akasema. Kisha akanionyesha jingine, jeusi, zito, lisilo na uzuri wowote. Hilo ndilo lenye kobalti, na ndilo linalolipa zaidi bei ikiwa juu. Chini kidogo, penye maji, wanawake na watoto walikuwa wakiosha mawe kwenye mabeseni. Msichana mdogo alikuwa anachambua kwa haraka sana, mkono wa kulia unatupa, wa kushoto unaweka, bila kutazama. Nilimuuliza kama anasoma. Akasema anasoma zamu ya mchana.

Wengi wa wachimbaji ni watoto na wajukuu wa watu waliokuwa na ajira. Gécamines, mrithi wa Union Minière, mwaka 1986 ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwaka 1994 hazikufika tani 35,000. Mgodi wa Kamoto huko Kolwezi ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, fedha zimefujwa, mitambo imechoka. Baadaye, katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondolewa kazini kwa malipo ya mara moja. Baba aliyekuwa na nyumba ya kampuni, hospitali ya kampuni na unga wa kampuni akabaki na shoka na jembe. Karatasi za kazi zilizokuwa zimetunzwa kwa heshima kabatini zikapoteza kazi yake, nyingi zikatumika kuwashia moto. Nawaambia wanaotafuta watu wao Katanga wasisahau jambo hili. Tunadhani nyaraka hupotea kwa sababu ya vita tu, kumbe umaskini unachoma zaidi.

Niliketi kwenye benchi la duka, nikaagiza soda, nikangoja. Dereva wa pikipiki alinisaidia kutangaza shida yangu. Wakaja vijana, wakaja wanawake, mwisho akaletwa mzee mmoja mstaafu wa reli, fimbo mkononi, koti limefungwa vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali.

"Weye uko muntu ya wapi?" akaniuliza.

"Natoka Tabora, mzee wangu. Tanzania."

Alikaa kimya, akilirudia jina la mji wetu kwa sauti ya chini. Kisha akasema alipokuwa mtoto kulikuwa na mzee wa reli waliyemwita Papa Tabora. "Alikuwa natupatia buki," akasema. Asali. Alikuwa anatundika mizinga msituni, mizinga ya magome, na hakuna mtu mwingine wa kambi ya reli aliyejua kazi ile vizuri kama yeye. Nikamwomba anieleze mizinga yenyewe. Akachora hewani kwa fimbo: gome la mti limevuliwa zima kama bomba, limefungwa kwa kamba, ncha zimezibwa. Ndiyo mizinga ya kwetu. Babu yangu alikuwa nayo hadi anakufa. Msitu wa Tabora na msitu wa Katanga ni mmoja, miyombo ile ile, na mtu wa nyuki akiingia humo anajua pa kutundika.

"Bale bantu ba zamani bote balisha kufa," mzee akasema. "Lakini mujukuu wake eko."

Mjukuu ni mama wa miaka sabini na kitu, anayekaa nyumba ya matofali ya kuchoma karibu na tuta la reli. Tulihesabu ukoo pale pale uani, kwa vidole, kama wafanyavyo watu wazima wanapotaka kujua waitaneje. Mama yake alikuwa binti wa babu mkubwa, kwa hiyo ni shangazi yangu. Yeye basi ni binamu yangu, na kwa kuwa amenipita umri, ni dada. Lakini hakukubali haraka, na alifanya vizuri. Watu wamewahi kufika Kamatanda na maneno matamu wakitaka ardhi. Aliniuliza maswali. Baba wa Papa Tabora aliitwa nani? Nikajibu. Akatikisa kichwa: hajui. Mama yake aliitwa nani?

Nilipolitaja jina hilo, aliinuka akaingia ndani.

Alirudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na kadi ya ubatizo, picha mbili, na kitabu kidogo cha kazi, jalada limekatika, karatasi zimekuwa na rangi ya chai. Ukurasa wa kwanza una alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau. Mistari imeandikwa kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa kulala: jina, baba, mama, chifu, wilaya. Jina lake mwenyewe lilikuwa limeharibiwa kiasi kwamba nisingelitambua kwenye orodha yoyote. La baba yake limegeuzwa kuwa la Kifaransa au linaloelekea hivyo. Mahali pa chifu pameandikwa "Tabora," kana kwamba mji ule ni mtu. Lakini mahali pa mama palikuwa na jina la mama wa babu yangu, herufi kwa herufi, jina fupi lisilo na pa kukosewa. Ndilo jina alilolitaja mwishoni mwa barua yake. Ndilo jina la shangazi yangu wa Tabora, aliyerithishwa kwa desturi yetu. Na dada akaniambia kwamba ndilo jina la mama yake pia, binti yule aliyezaliwa Kamatanda, kwa kuwa Papa Tabora alikuwa ameapa kwamba msichana wake wa kwanza ataitwa hivyo.

Nilimpigia shangazi simu ya video. Sikumweleza kitu. Nilimpa dada simu, nikasema: shangazi, huyu hapa ana jina lako kwa mama yake. Walilia wote wawili, mmoja kwa Kinyamwezi, mwingine kwa Kiswahili cha Likasi, na mimi nilitoka nje nikawaacha.

Siku zilizofuata niliyapata mengine, kipande kwa kipande, kwa dada na kwa yule mzee wa fimbo. Babu mkubwa alikuwa mtu wa genge, wale wanaobadilisha mataruma na kukaza reli, kazi ya jua na nyundo. Mke alimpata kwa Wayeke, mwanamke wa ukoo uliotoka Bunkeya. Nadhani hakwenda huko kwa bahati tu. Kiyeke kilitokana na Kisumbwa, ambacho ni ndugu wa Kinyamwezi, na mtu aliyekaa miaka akisema lugha za wengine lazima alipumua siku aliposikia mwanamke anamjibu kwa maneno ya kwao. Historia ya Msiri, ambayo shuleni tuliisoma kwa juu juu, ilimpa kijana huyu wakwe.

Mhuri wa mwisho kitabuni ni wa mwaka 1931. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka duniani, Union Minière ikipunguza watu kwa maelfu na kuwarudisha makwao, na reli inayoishi kwa kubeba shaba nayo ikapunguza. Babu mkubwa hakurudishwa. Tabora haikuwa tena chini ya Wabelgiji, ilikuwa Tanganyika ya Mwingereza, na hapakuwa na mtu wa kumlipia nauli ya kuvuka ziwa. Alibaki, akalima mihogo, akauza asali na nta Jadotville. Dada anakumbuka maneno ambayo mama yake alimsikia akiyasema zaidi ya mara moja: akirudi mikono mitupu, mama atamwambia nini. Basi hicho ndicho kilichomzuia, haya. Bwana mkali aliyesimuliwa na ukoo wetu hakuwapo. Alikufa vita vya pili vya dunia vilipokuwa vinakwisha, akazikwa kwenye kichaka kando ya tuta la reli, pamoja na wenzake wa genge. Nilipelekwa. Hakuna msalaba wala jiwe, na wakata mkaa wamepunguza miti. Tuliomba dua, kisha dada akasali kwa njia yake.

Kabla sijaondoka, dada alinieleza la kwake, na nimepewa ruhusa ya kulisema. Mumewe alikuwa mtu wa Kasai. Mwaka 1992 na 1993, siasa za chuki zilipowashwa Katanga, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao Likasi na Kolwezi, hata waliozaliwa hapa na kuzikia wazazi hapa. Maelfu kwa maelfu walipiga kambi stesheni ya Likasi wakingoja treni za kuwapeleka Kasai, na wengi, hasa watoto, walifia pale pale na njiani ndani ya mabehewa. Mume wa dada aliondoka na kijana wao mkubwa. Habari za mume zilikuja, kwamba amefariki. Za kijana hazijaja. Yeye dada alibaki na watoto wadogo na kopo lake la maziwa, alilolifukia chini ya jiko.

Akaniuliza mimi nilimpataje babu baada ya miaka mia. Nikamwambia kweli: si kwa jina lake. Tukaandika pamoja karatasi yenye jina la kijana, mahali alipozaliwa, na jina la mama yake kwa herufi kubwa, nikaipiga picha, na nakala zimekwenda kwa jamaa na kwa watu wa dini huko Kasai.

Ndugu msomaji, kama una jina nyumbani kwenu la mtu aliyekwenda Kongo, Rhodesia, Mrima au vitani asirudi, usianze na ofisi. Anza na bibi au shangazi aliye hai leo, umwulize mama wa mtu huyo aliitwa nani, wa ukoo gani, na nani amerithishwa jina lake. Andika. Peleka nakala kwa ndugu watatu wanaokaa mbali mbali. Na ninyi mlio na funguo za maghala ya reli na migodi, Likasi, Lubumbashi, Brussels na Dar es Salaam, fungueni daftari hizo na kuziorodhesha kwa jina la mama pia, kwa maana mahali pake pameandikwa ukurasa wa kwanza.